Ratili za Kiwanja cha Tatu

Mimi si mtu wa kukaa. Hata nikiugua nalala upande mmoja dakika mbili, nageuka. Ndiyo maana kazi ya kupima udongo ilinifaa kuliko ukarani wa mezani. Mvua ikinyesha tu, uwe umekula au hujala, unachukua mizani, debe na daftari, unakimbilia mashambani kabla jua halijakausha tope. Mwaka wa hamsini na mbili nilikuwa karani wa vipimo kijijini Mwanhembo, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini, na nilijiona mtu.

Nieleze kazi yenyewe, maana wengi walidhani ni wazimu. Viwanja vitatu vilikatwa ndani ya mashamba ya watu, kila kimoja hatua kumi kwa thelathini, vikazungushiwa mabati yaliyochomekwa ardhini ili maji ya nje yasiingie na ya ndani yasitoroke. Chini kabisa, yanakoelekea maji, palifukiwa pipa. Mvua ikinyesha, maji yanashuka na udongo, yanaingia pipani. Mimi nangoja tope litulie, nachota maji, nakomba tope, napima, naandika: mvua inchi kadhaa, udongo ratili kadhaa. Watu walikuwa wakiniuliza, "Mihayo, Serikali imekuajiri upime matope?" Nikawajibu kwamba matope hayo ndiyo chakula cha wajukuu wao. Wakazidi kucheka.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa kwenye itogolo, ile ardhi ngumu iliyolala karibu tambarare, ambayo ukiipiga jembe unasikia mlio. Cha pili kilikuwa mbugani, kwenye udongo mweusi. Cha tatu kilikuwa juu mlimani, kwenye mchanga mwepesi tunaouita luseni, na shamba hilo lilikuwa la mama mkwe wangu.

Kwetu Usukumani mkwe ni mtu wa kuogopwa. Nikimwona Mama Limi njiani, naingia porini mpaka apite. Sili mbele yake, simtazami usoni, jina lake silitamki hata ndotoni, na yeye langu hakuwahi kulitamka. Hata salamu tunapeana yeye akiwa ndani ya ua wa minyaa na mimi nje, kila mmoja ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, baba." Basi, imetosha. Neno lingine lolote hupitia kwa mke wangu Limi, naye halifikishi kabla hajalitia chumvi yake.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Shamba, Mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Mteremko. Mtu huyo hakuweza kuona kilima asikipime. Alikuwa na karatasi moja aliyoipenda kuliko chakula, iliyotoka Ugogo, ambako wenzake walikuwa wamepima udongo miaka mingi. Ukiipa karatasi hiyo mvua, mteremko na urefu wa shamba, inakupa ratili zitakazopotea. Kwenye meza ileile ya ofisini, karani Eustace, Mhaya mmoja mpole asiyepandisha sauti, alitunza karatasi ya pili, ya Usambara. Wale wa Usambara hawaanzi na mteremko. Wanaanza na kilichoifunika ardhi: migomba, miti, majani, au uchi mtupu. Na wakulima wa Mwanhembo walikuwa na hesabu yao ya tatu, isiyoandikwa popote: taja kwanza jina la udongo, ndipo tuzungumze. Viwanja vyangu viliwekwa ili ijulikane ni hesabu ipi kati ya hizo inayosema kweli Usukumani.

Haukuwa mchezo. Bwana Mteremko alitangaza mapema kwamba karatasi ya Ugogo ikithibitika, mashamba yote ya mlimani yatafungwa, na kaya kumi na moja zitahamishiwa Geita, kwenye nchi mpya ambako pori la mbung'o lilikuwa likifyekwa. Kila kaya itapewa ardhi huko na itaondoka na mifugo yake. Kaya ya kwanza kwenye orodha, kwa jinsi ilivyokaa juu, ilikuwa ya Mama Limi. Rafiki zangu wakanipongeza. "Mkwe anapelekwa Geita kwa lori la Serikali, na wewe huna hatia! Mungu akupe nini tena?" Nilicheka nao, lakini nyumbani hakukuwa na kicheko. Limi alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake.

Siku ya kwanza nilipopima tope la kiwanja cha tatu, Limi alinijia mbio akiwa na agizo.

"Mama anasema udongo wake usiutupe korongoni. Umwachie pale kwenye ua."

"Amri ni kuutupa. Anautakia nini?"

"Mimi nimhoji mama yangu udongo wake anautakia nini? Muulize mwenyewe."

Alijua siwezi. Nikajisemea kwamba mama anataka kusiriba ghala lake, na udongo wa kusiriba si kitu cha kumnyima mkwe. Tangu siku hiyo, nikimaliza kupima, nilikuwa nauacha kando ya minyaa, rundo safi. Nikirudi safari nyingine silikuti. Mwanamke huyu anasiriba kweli, nikasema moyoni, nikapanda baiskeli yangu.

Msimu ukaenda, na ratili zikaanza kusema mambo. Kiwanja cha kwanza, kile cha tambarare, karatasi ya Ugogo ilikitabiria udongo kidogo tu, lakini pipa lilijaa mara mbili ya hapo. Bwana Mteremko akakunja uso, akasema labda bati limepinda. Cha tatu ndicho kilichomfurahisha. Karatasi ilisema inchi moja ya mvua itashusha ratili tisini. Mimi nilipima mia, mia na ishirini, na mwezi wa pili nikapima mia na arobaini. Alinipiga bega. "Unaona, Mihayo? Mlima ni mlima, Ugogo au hapa."

Mimi sikuona. Nilijua kwa nyayo zangu kwamba luseni inakunywa maji. Unaweza kutembea juu yake mvua ikiwa haijakatika vizuri, na mguu ukatoka mkavu, wakati kule kwenye itogolo maji yanatambaa juu ya ardhi kama mafuta kwenye sahani. Pipa la mlimani lilikuwa linajazwa na nini? Swali hilo lilinikera hata nikawa naamka nimechoka. Limi akasema nina minyoo.

Jibu nililipata mwezi wa tatu, kwa sababu ya pancha. Baiskeli ilinifia njiani asubuhi, mvua imekatika saa moja iliyopita, nikaamua kukatisha kwa miguu nyuma ya kilima, nitokee kiwanjani kwa juu. Nikamwona Mama Limi. Alikuwa na kikapu kichwani, kimejaa udongo niliomwachia juma lililopita. Alivuka bati kama anavuka kizingiti cha nyumba yake, akainama juu kabisa ya kiwanja, akaumwaga, akautandaza kwa kiganja taratibu, hapa na pale, palipokuwa pamechimbika. Kisha akashuka kuchukua kikapu cha pili.

Na mimi, badala ya kupiga kelele, nilijitupa kichakani. Ni mkwe! Nililala kifudifudi kwenye miiba, karani wa Serikali na mizani yake, nikahesabu. Tope nililolipima mwezi wa kumi na moja alilirudisha juu. Likiwa bado laini, halijashikamana, mvua iliyofuata ililizoa lote pamoja na jingine kidogo. Nikalipima tena, nikaliandika kama udongo mpya. Akalirudisha tena. Karatasi ya Ugogo ilikuwa inathibitishwa na kikapu cha mama mkwe wangu.

Hakuwa na kosa. Wanawake wote wa mlima ule, udongo ukishuka na maji, waliuzoa chini wakaurudisha juu kwa vikapu. Ndiyo sababu mashamba yale yalikuwa bado hai baada ya vizazi vingapi sijui. Nani alimweleza kwamba pipa lile ni la kupimia kilichopotea, na kilichopotea hakitakiwi kurudi? Mwenye kazi ya kumweleza nilikuwa mimi. Nilimchukua mtu shamba lake, nikalizungushia mabati, nikashindwa kumuuliza neno moja kwa sababu ya heshima. Nilijichukia pale kichakani, tena sana.

Baraza la kutangaza uhamisho lilikuwa limepangwa majuma matatu mbele. Nilihitaji mvua moja ya kweli. Tope lililokuwepo pipani siku ile nililitupa korongoni kama amri ilivyotaka, na udongo alioutandaza niliukwangua mwenyewe baada ya yeye kuondoka. Kisha nikaanza kungoja. Ee Mungu, kungoja si kazi yangu. Nilikwenda mlimani asubuhi, nikaenda mchana, nikapima mteremko ambao ulikwishapimwa, nikasafisha chupa ya kupimia mvua mpaka Limi akaniuliza kama nitainywea. Mawingu yalikuja yakapita kwenda Kahama. Siku ya tisa ikanyesha, inchi moja na ushee. Nilikimbia bila viatu. Nikapima mara tatu, kila mara ikatoka ileile: ratili thelathini na nane.

Nilikwenda Shinyanga kwa Eustace nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ukisema, kazi huna," alisema. "Umepeleka daftari la uongo miezi mitano."

"Sikujua."

"Hawatauliza ulijua nini. Andika kwamba pipa lilivuja."

"Eustace, pipa likivuja linapunguza. Haliongezi."

"Ni kweli," alisema, na alisikitika kabisa, kama fundi aliyekosa msumari. "Basi sema. Mimi nitaleta karatasi zote, za Ugogo na za Usambara, tuzitandaze mbele ya watu wote."

Nyumbani nilimkuta Limi analia. Kwa mama yake alikuwa ametoka sasa hivi.

"Mama hajala tangu Jumamosi. Anakaa mlangoni anatazama upande wa Geita tu."

"Amesema nini?"

"Aseme nini? Kaburi la baba liko pale uani. Wewe ungekula?"

Nilimwambia asilie, mama yake hatahama. Sikumwambia kwa gharama gani. Mficha uchi hazai, lakini mimi niliona afadhali niufunue mara moja tu, barazani.

Siku ya baraza uwanja wa Ng'wanangwa Maganga, mkuu wa kijiji, ulijaa. Wanaume walikaa mbele. Karibu na meza alikaa Ngassa, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, mtu wa maneno mengi aliyekuwa akiwachunga ng'ombe wa kaka yake pamoja na wa kwake. Wanawake walikaa nyuma, na sikugeuka kutafuta uso wa mtu yeyote huko. Bwana Mteremko alisimama na karatasi yake. Alipofika kwenye kiwanja cha tatu niliinuka. Sikuomba ruhusa, miguu iliinuka yenyewe.

"Bwana, hesabu hizo si za kweli. Mimi ndiye niliyeziandika, na si za kweli."

Nikasema yote: rundo, ua, kikapu, kichaka. Niliposema nilijitupa miibani watu waliangua kicheko, hata Maganga akashika mbavu. Bwana Mteremko hakucheka. Masikio yalimwiva. Aliniuliza kwa nini sikuutupa udongo kama nilivyoagizwa, nikamjibu kwamba mkwe aliuomba. Akauliza kwa nini sikumuuliza mkwe anaupeleka wapi. Baraza zima likaguna, maana swali la namna hiyo huulizwa na mtu asiyejua kitu.

Lakini alikuwa mtu wa haki, nitamsemea hivyo mpaka nife. Aliacha baraza likiwa limekaa, akapanda mlima na mimi, akachomeka fimbo kwenye luseni, ikazama. Tukashuka mpaka itogolo, akaichomeka, ikakataa. Aliirudisha mkononi akaitazama ncha. Tuliporudi Eustace alikuwa amezitandaza karatasi mezani. Ratili thelathini na nane mahali pa tisini. Na tambarare, palipotabiriwa kidogo tu, udongo unakwenda mara mbili. Karatasi ya Ugogo ilikuwa kweli kwa Ugogo. Ya Usambara ilikaribia kidogo, kisha nayo ikakosea. Mzee mmoja akauliza kama sasa Bwana ataandika majina ya udongo, na Bwana, kwa unyonge kidogo, akamwomba ayataje polepole.

Orodha ya mlima ikafutwa. Hakuna atakayehama, vipimo vitaanza upya mwaka unaofuata. Wanawake walipiga vigelegele. Ngassa alinikumbatia kuliko wote, nusura anivunje mbavu. "Umetuokoa! Ng'ombe wa kaka wamebaki nyumbani!" Nililia mbele za watu, na sikuona haya. Kisha Bwana Mteremko aliniita kando, akanipa mkono, akanifukuza kazi. "Umesema kweli," aliniambia, "lakini mwaka wangu mzima umekwenda na kikapu."

Karani aliyefukuzwa na Serikali hapati meza nyingine Shinyanga. Eustace alinipatia barua kwa mtu wa mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, ambako walitaka mtu anayejua mizani. Nilicheka nilipoisoma. Nimezizuia kaya kumi na moja zisiende Geita, ninakwenda mimi. Limi hakucheka. Alifunga mizigo siku mbili, na mimi sikuweza kukaa ndani, nilizunguka nyumba mpaka kuku wakanizoea.

Lori la mizigo lilitupitia pale njia panda chini ya mlima, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekwisha kupanda, napanga magunia, ndipo nikasikia sauti ya mwanamke chini yangu.

"Mihayo."

Alikuwa Mama Limi. Alisimama karibu kabisa na gurudumu, amenyanyua uso, ananitazama machoni. Nilitaka kurukia upande wa pili. Hapakuwa na kichaka.

"Mayu," nilisema, nikainamisha kichwa.

"Nitazame. Leo hapana aibu." Nikamtazama. Alikuwa mwanamke wa makamo tu, si mzee kama nilivyomdhania miaka yote ile, na alikuwa na macho ya Limi. "Udongo hukuniuliza naupeleka wapi, nikakuharibia kazi yako bila kujua. Hilo ni letu wote wawili. Na Geita je? Nani alikwambia mimi nataka kubaki?"

"Mama!" Limi alisema.

"Ngoja, nazungumza na mkwe wangu. Miaka sita Ngassa anakamua ng'ombe wa mume wangu, na mimi mwenye mume naomba maziwa kwake kwa kibuyu. Nikitaka kuondoka ananiambia nenda, ng'ombe ni wa ukoo. Ilipokuja orodha, ikasema kila kaya ihame na mifugo yake. Ngassa angebishana na Serikali? Nilikuwa nimekwisha kuchagua mbegu. Hata chakula hakikushuka, nawaza jinsi ya kuwavusha ndama. Ukasimama barazani ukanirudisha kwake."

"Nilidhani kaburi..." nilisema.

"Marehemu alinijua. Asingenilaumu." Alivuta pumzi. "Ungeniuliza, baba. Siku ile ya udongo uliogopa, sawa. Lakini kabla ya baraza ungeniuliza, ningekwambia nyamaza, na wewe ungebaki na kazi yako."

Limi aliruka chini, akamshika mama yake mikono yote miwili. "Twende, mama. Panda sasa hivi. Tutaishi wote."

"Bila ng'ombe? Nikale kwa mkwe?"

Dereva akapiga honi, akapiga tena, akaanza kutukana. Mama Limi aliitoa mikono yake kwa binti kidole kimoja kimoja, akamsukuma taratibu kuelekea lorini. Mimi nilimvuta Limi juu. Mama yake hakungoja lori liondoke. Tulimwona akipanda mlima bila kugeuka, anarudi kwenye shamba nililomwokolea.